SOMO LETU: SAUTI HUGAWANYWAJE KATI YA SPIKA?



Katika masomo yetu tumezoea kuzungumza juu ya mizani, kadi za mahudhurio na hesabu za makato. Leo tunaleta chombo kingine, ambacho wengi wetu tunakiona mikutanoni na kukipita bila kukitazama. Chombo chenyewe ni meza ya kuchanganyia sauti. Huenda ndugu mmoja akauliza: mchuma chai ana shughuli gani na meza ya sauti? Jibu tunalitoa kwa jambo lililotupata sisi wenyewe.

1. MKUTANO ULIOPASUKA KATIKATI

Miaka michache iliyopita tuliitisha mkutano katika shamba moja la chai magharibi ya Uganda. Mwajiri alikuwa ametoa toleo lake: bei ya kilo itapanda, lakini makato ya maji yaliyomo kwenye majani nayo yatapanda. Katibu alisoma barua kwa Kiingereza, kama ilivyoandikwa. Mkalimani akaieleza kwa Kiswahili, akatoa na mfano wa mtu aliyechuma kilo 40.

Tulikuwa tumekodi vyombo vizuri, meza mpya ya dijitali na spika mbili kubwa, moja kila upande wa uwanja. Watu wa kiwandani walikaa kushoto, wachumaji kulia. Tulipopiga kura, upande wa kushoto ukapokea toleo kwa makofi, upande wa kulia ukalikataa kwa sauti moja. Maneno makali yakaanza. Hawa wakawaita wale vibaraka, wale wakawaita hawa wajinga. Tuliogopa kwamba tawi linavunjika mbele ya macho yetu.

Aliyetuokoa ni mama mmoja aliyevuka uwanja kumfuata mtoto wake. Alirudi akasema, "Kule wanasomewa Kiingereza, huku tunaambiwa Kiswahili. Hatujasikia mkutano mmoja." Tukaenda kwenye meza. Kijana fundi alikuwa ameielekeza sauti ya katibu yote spika ya kushoto, na ya mkalimani yote spika ya kulia, ili, kama alivyotueleza, sauti zisikorogane. Nia yake ilikuwa njema. Lakini watu wa kushoto walisikia barua ya Kiingereza ikianza na habari ya kupanda kwa bei, na mfano wa makato haukuwafikia.

Tulirudia kila kitu, sauti zote zikitoka spika zote mbili. Kura ya pili ilikuwa moja tu: hapana. Katika toleo lililofuata nyongeza ya makato iliondolewa. Tangu siku hiyo tuliamua kujifunza jambo hili, na sasa tunawafundisha ninyi.

2. MASIKIO MAWILI

Binadamu ana masikio mawili, na hutumia yote mawili kujua sauti inatoka wapi. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mtu akikuita kutoka kushoto, sauti hufika sikio la kushoto mapema kuliko la kulia. Tofauti hiyo haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini ubongo unaitambua. Tena sikio lililo karibu husikia kwa nguvu zaidi, maana kichwa chenyewe huziba njia.

Mafundi walitumia jambo hili. Mwaka 1931 mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya namna ya kurekodi na kutoa sauti kwa njia mbili, ili msikilizaji asikie mwimbaji amesimama wapi. Mwaka 1940 kampuni ya Walt Disney ya Marekani ilionyesha filamu ya Fantasia, na kwa ajili yake mafundi walitengeneza kifaa cha kuhamisha sauti kutoka spika moja hadi nyingine nyuma ya pazia la sinema. Kazi hiyo ya kuielekeza sauti mafundi huiita pani, neno lililokatwa kutoka panorama.

3. HESABU YA KUGAWA

Tuchukue spika mbili. Ukitaka sauti isikike kushoto, unaipeleka yote kushoto. Ukitaka isikike katikati, unaigawa sawa kwa zote mbili. Je, utagawa 50 kwa 50?

Hapana, na hapa ndipo penye somo. Nguvu ya sauti haipandi sawa na kipimo cha umeme unaoingia kwenye spika. Hupanda kwa kipimo hicho kikizidishwa kwa chenyewe. Tufanye hesabu:

Spika moja ikipewa 100: 100 mara 100 ni 10,000.

Spika mbili zikipewa 50 kila moja: 50 mara 50 ni 2,500. Mara mbili ni 5,000.

Nusu ya nguvu imepotea! Sauti ikipita katikati itazama kama mtu aliyeingia shimoni. Sasa tupe kila spika 71:

71 mara 71 ni 5,041. Mara mbili ni 10,082.

Karibu sawa kabisa na mwanzo. Kwa hiyo, katika meza nyingi, ukiweka sauti katikati kila upande hupata kama 71 kwa 100, wala si 50. Ndugu wa kiwandani wataelewa upesi: anayegawa asipojua kanuni, mgawo huonekana wa haki lakini una upungufu ndani yake.

4. SPIKA TANO KUMZUNGUKA MSIKILIZAJI

Katika sinema na studio za filamu spika si mbili. Mpango uliozoeleka una spika tano, na ya sita ya mingurumo mizito tu. Ili kuuona mpango huu, chora uso wa saa ardhini, usimame katikati, utazame tarakimu 12. (Tunasema tarakimu zilizoandikwa kwenye saa, si saa zetu za Kiswahili.)

Spika ya kati iko kwenye 12. Ya kushoto iko kwenye 11, ya kulia kwenye 1. Za nyuma ni mbili: moja kabla kidogo ya 4, nyingine baada kidogo ya 8. Zote tano ziwe na umbali sawa kutoka kwako, maana iliyo karibu zaidi itaziiba sauti za wenzake.

Tuseme katika filamu trekta linapita kutoka mbele kushoto kwenda nyuma kushoto. Fundi hushika kijiti kidogo mezani, au hugusa kioo, akakisogeza kutoka 11 kuelekea 8. Meza yenyewe hupiga hesabu kila mara. Trekta likiwa kwenye 11, spika ya mbele hupata yote. Likiwa njiani, spika mbili jirani hugawana, kwa kanuni ile ile ya 71. Likifika nyuma, spika ya nyuma hupata yote. Lakini katika safari hiyo yote hakuna spika iliyohama. Kilichohama ni mgawo tu.

Meza hizo zina pia njia ya kuimwaga sauti kidogo kwenye spika za jirani. Sauti ikibanwa kwenye spika moja huchoma kama sindano. Ikimwagwa mno haijulikani inatoka wapi.

Na kwa nini kuna spika ya kati? Sikio huamini sauti inayolifikia kwanza. Kama maneno ya mwigizaji yangetoka spika ya kushoto na ya kulia tu, aliyekaa pembeni kushoto angeyasikia kama yanatoka spika iliyo karibu naye. Spika ya kati huyaweka maneno pazia lilipo, kwa kila aliyekaa ukumbini. Hivyo hata wenye sinema wanajua kwamba neno la mtu halifai kuachiwa upande mmoja.

5. MEZA INAYOKUMBUKA

Meza ya dijitali hugeuza sauti kuwa tarakimu, na mkono wa fundi nao huwa tarakimu. Fundi akisogeza kijiti mara moja, meza huandika mwendo wote na kuurudia bila kukosea. Kumbukumbu ya namna hii ilianza miaka ya 1970, kabla meza zenyewe hazijawa za dijitali. Dijitali iliikuza.

Hapa sisi watu wa vyama lazima tusimame kidogo. Katika studio kubwa za Hollywood, kuchanganya sauti ya filamu ilikuwa kazi ya watu watatu mbele ya meza moja ndefu: mmoja wa maneno, mmoja wa muziki, mmoja wa milio mingine. Meza ilipoanza kukumbuka, watu wawili wakatosha, na kazi nyingine sasa hufanywa na mtu mmoja. Mafundi hao nao wana chama. Wamo katika IATSE, ambacho kilianzishwa mwaka 1893 na wafanyakazi wa majukwaa ya michezo.

Je, hatuijui habari hii? Mashine ya kuchumia chai imeingia mashambani, na mkono mmoja unafanya kazi ya mikono mingi. Hatusemi mashine ivunjwe. Tunasema chama kiulize kabla haijashushwa kwenye lori: nani atafundishwa kuiendesha, nani ataondolewa, na faida yake itagawanywa kwa kanuni gani? Mashine ikishafungwa, mwajiri hana haraka tena ya kujibu.

6. MAMBO YA KUFANYA MKUTANONI

Kwanza, sauti zote za wasemaji ziwekwe katikati, zitoke spika zote. Mambo ya kushoto na kulia tuyaachie muziki na sinema.

Pili, msemaji na mkalimani wasiseme pamoja. Mmoja amalize, mwingine aanze.

Tatu, kabla ya mkutano, watu wawili wa tawi watembee uwanja mzima huku mwenzao akisema. Wasisimame karibu na meza tu.

Nne, mkiweka spika nyingine nyuma ya watu, mwambieni fundi aicheleweshe. Kwa mita 34 kutoka spika za mbele, acheleweshe sehemu moja ya kumi ya sekunde. Bila hivyo watu wa nyuma watasikia kila neno mara mbili.

Tano, kabla ya kura, mwenyekiti aulize kila upande urudie hoja kwa maneno yake. Mkutano usioweza kurudia hoja haujawa tayari kupiga kura.

MASWALI YA VIKUNDI

(a) Spika mbili zikipewa 60 kila moja, nguvu yote ni kiasi gani? Imepungua au imezidi kuliko spika moja iliyopewa 100?

(b) Katika tawi lenu, ni nani hukaa mahali ambapo sauti haifiki? Ni wanawake, vibarua, au watu wa zamu ya usiku?

(c) Mnakumbuka ugomvi wowote uliotokana na kutosikia, wala si kutokubaliana?

(d) Ni mashine gani inayokuja kazini kwenu, na chama kimeuliza nini?

Ndugu, siku ile tulidhani tumepata wasaliti ndani ya nyumba. Hatukuwa nao. Tulikuwa na kitufe kilichogeuzwa vibaya, na watu waliokuwa tayari kuaminiana vibaya upesi mno. Kitufe tulikirudisha kwa sekunde moja. Kuaminiana kulichukua miezi, na hata leo tunaendelea.