Umeandikiwa faini Nsemulwa? Soma haya kabla hujalipa

Kwa dereva wa bodaboda wa Nsemulwa, shilingi 10,000 ni hela ya kula nyumbani, tena jioni bosi anasubiri hesabu yake. Kosa likiwa lako kweli, lipa uendelee na kazi. Lakini kama namba imekosewa, kiasi kimezidi, au siku hiyo hukuwa barabarani kabisa, omba Kikosi cha Usalama Barabarani kiipitie upya faini hiyo. Ni haki yako, na fuata njia hii.

1. Kulipa ni kukubali kosa. Chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, askari anaweza kukuandikia faini papo hapo, ila kukutia hatiani ni kazi ya mahakama. Ukikubali unalipa na shauri linaishia hapo. Ukikataa, linaweza kwenda mahakamani. Basi ukiwa na pingamizi, litoe kabla ya kutuma hela. Fedha ikishaingia serikalini, kuirudisha ni kazi nzito.

2. Soma karatasi ukiwa bado umesimama pale. Tazama namba ya usajili, namba ya leseni, kosa, mahali, saa na kiasi. Pikipiki zetu zote namba zinaanza na MC, kwa hiyo herufi moja ya mwisho ikiteleza, deni la mtu wa Sumbawanga linakuangukia wewe. Ukiona kosa la uandishi, mwambie askari hapo hapo, kwa upole.

3. Hakiki kiwango. Tangu Julai 2021 faini ya pikipiki na bajaji ni shilingi 10,000 kwa kila kosa. Kabla ya hapo ilikuwa 30,000. Ukiandikiwa 30,000 uliza ni makosa mangapi, na kila moja liwe limetajwa.

4. Kusanya ushahidi siku ile ile. Umepigwa tochi? Omba kuonyeshwa picha na kasi iliyosomwa, kisha linganisha namba iliyo kwenye picha na yako. Kwenye maeneo ya makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa, kwa hiyo hoja ya "sikuwa nakimbia sana" haina nguvu. Hoja yenye nguvu ni ile inayoshikika: picha ya kibao kilichoangushwa au kufunikwa na majani, nakala ya leseni na bima zilizokuwa hai siku hiyo, stakabadhi ya fundi inayoonyesha pikipiki ilikuwa gereji, au abiria aliye tayari kueleza alichokiona.

5. Andika barua, usitegemee maneno ya mdomo. Iandike kwa Mkuu wa Usalama Barabarani wa Mkoa wa Katavi, ukurasa mmoja unatosha. Weka kichwa wazi: "Yah: Ombi la kupitiwa upya kwa faini", halafu namba ya kumbukumbu iliyo kwenye karatasi. Aya ya kwanza ieleze uliandikiwa lini, wapi na kwa kosa gani. Ya pili iseme kilichokosewa, jambo moja tu au mawili. Ya tatu iseme unachotaka: faini ifutwe, au kiasi kirekebishwe. Ambatanisha nakala, halisi zibaki kwako. Chapisha nakala mbili za barua. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani. Bila muhuri huo, wiki ijayo utaanza upya.

6. Ongea kwa heshima, na usitoe kitu. "Shikamoo afande, naomba kueleweshwa" inafungua mazungumzo kuliko kelele za kijiweni. Ukiombwa hela ili karatasi ipotee, piga TAKUKURU 113, simu ni bure. Faini halali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, kamwe si kwenye simu ya mtu.

7. Wahi. Faini inayocheleweshwa huongezewa adhabu. Siku unapopeleka barua, uliza kama deni litasimamishwa wakati ombi likishughulikiwa, na andika jina la aliyekujibu. Ombi likikataliwa na bado una hakika na ushahidi wako, mahakama ipo. Ila pima kwanza: ukikutwa na hatia huko, adhabu inaweza kuzidi ile faini. Tafuta msaidizi wa kisheria kabla ya kuamua. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, na huduma yao kwa mtu asiye na uwezo ni bure.

8. Kagua madeni usiyoyajua. Ingia tms.tpf.go.tz, weka namba ya pikipiki, uone kinachodaiwa. Wengi hushtuka hapa, na sababu kubwa ni pikipiki zilizouzwa kwa kuandikishana tu mbele ya mjumbe. Mnunuzi anaendesha Inyonga au Karema, kadi bado ina jina lako, na makosa yake yanasomeka kwenye umiliki wako. Barua ya kuomba faini kama hizo zipitiwe iende na mkataba wa mauzo wenye tarehe, saini na mashahidi. Mkataba utakusaidia kujieleza, lakini madeni mapya hayatakoma mpaka jina libadilishwe. Kama una pikipiki uliyoiuza namna hiyo, mtafute mnunuzi wiki hii, mwende nyote TRA mkabadilishe umiliki.