Nilipoishia Lamadi

Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kwenda kwenye mkutano mkuu wa TANU, miezi michache baada ya Azimio la Arusha. Nilitaka kuipita njia ile kwa kuanzia huku kwetu: niondoke Mwaloni, Kirumba, ninakouza dagaa, nifike Butiama Oktoba 14, siku tunayomkumbuka. Nilikwenda na mpwa wangu. Siku ya nne, Lamadi, safari yangu ikaishia hapo.

1. Lengelenge la siku ya kwanza ndilo la kuliheshimu.

Langu lilianza kabla hatujafika Kisesa, kwenye kisigino cha kulia, dogo kama punje ya hindi. Nikalitoboa kwa sindano ya kushonea magunia, nikafunga kitambaa, nikaendelea. Nilivaa viatu vipya vya wiki ile. Raba nilizozizoea niliziacha nyumbani kwa kuwa zilikuwa zimechakaa. Tulipofika Magu kisigino kilikuwa kimechubuka chote. Nyashimo, usiku, nilipoivua soksi ilitoka na ngozi. Nikaiosha, nikaianika dirishani, wala sikumwambia kijana. Kama ningelala siku moja zaidi Kisesa, labda ningefika. Nimeifikiria sana siku hiyo moja.

2. Mgeni wa njiani anaweza kukwambia lile ambalo wa kwako analiogopa.

Mpwa wangu aliniona nachechemea tangu Magu, akanyamaza, maana mimi ni mjomba wake na safari ilikuwa yangu. Lamadi mama lishe mmoja aliniwekea maji ya vuguvugu yenye chumvi kwenye beseni, akaniletea michembe na chai, kisha akatuma mtu amwite dada wa duka la dawa. Dada yule ni wa umri wa binti yangu. Alichuchumaa, akakitazama kisigino, akaniuliza kama nina sukari. Nikasema sijawahi kupima.

“Baba, hapa huendi mbele. Panda gari sasa hivi, uende hospitali leo leo.”

Hakunipa dawa ya kuniendeleza njiani, ingawa nilimwomba na pesa nilikuwa nayo. Namshukuru mpaka leo. Hospitali walipima, sukari sikuwa nayo, lakini kidonda nilikwenda kuoshwa siku tisa mfululizo.

3. Tusiwahimize watu wafe njiani.

Mwaka uleule wa 1967 kijana Seti Benjamin alikuwa miongoni mwa waliotembea kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam kuunga mkono Azimio. Alifia njiani, na taifa likamheshimu. Nilikua nikilisikia jina lake kama jina la shujaa, na shujaa alikuwa. Lakini nikiwa nimekaa kwenye benchi la mama lishe, mguu ndani ya beseni, nilimfikiria kwa mara ya kwanza kama mtoto wa mtu. Ningependa sana angekutana na mtu wa kumwambia apumzike.

4. Ukisimama wewe, mwenzako asisimame kwa ajili yako.

“Mjomba, turudi wote,” aliniambia. Nikakataa. Mbele yake kulikuwa na kipande cha kutoka Lamadi kwenda Bunda, kinachopita lango la Ndabaka la Serengeti, ambako tembo huvuka, kwa hiyo nilimwapisha atembee mchana tu na asiiache barabara. Nikampa chupa yangu ya maji na kofia. Kumwona mgongo ukienda bila mimi kuliniuma kuliko kisigino.

5. Njia ya siku nne hurudi kwa saa mbili hivi, na moyo hauwahi kufika.

Nilikaa dirishani. Mwembe tulikopumzika ulipita kabla sijamaliza kuutambua. Palipita pale wazee walipotuamkia “mwangaluka” na kutuuliza kama gari letu limeharibika. Tulipoingia Igoma, bodaboda wakipigana vikumbo, nilikuwa bado niko Magu kwa fikra.

6. Aliyerudi kabla ya siku zake anahitaji kazi, hata ndogo.

Hili ndilo lililonishinda zaidi. Safari niliipanga kwenye mbalamwezi makusudi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, taa zikiwavuta juu ya maji. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazifui dafu, mitumbwi hupumzika, na sisi wa Mwaloni tunabaki na magunia ya zamani. Kwa hiyo nilirudi kwenye meza isiyo na mzigo. Niliaga watu wote, sasa kila mmoja anauliza, “Umesharudi?” Siku mbili za kwanza nilijificha ndani. Mke wangu hakunisema. Siku ya tatu aliniletea rundo la magunia yaliyotoboka na ile sindano yangu. Nikakaa mlangoni, mguu juu ya kigoda, nikashona. Waliopita walinipa pole, nikaipokea, nikawaeleza habari ya Lamadi tangu mwanzo. Kufikia gunia la kumi nilikuwa naieleza bila kuinamisha kichwa.

Mpwa wangu alipiga simu Oktoba 14 mchana, yuko Mwitongo, karibu na kaburi la Mwalimu. Alisema tu, “Mjomba, tumefika,” na pumzi zilikuwa zinampanda. Mwezi ulikuwa tayari unachelewa kutoka. Jioni ile mwenzangu wa Ukerewe naye akanipigia: mitumbwi inashuka majini, niandae magunia. Nikamwambia yako tayari.