Taya la Mtoto Likivimba: Jeni, Malaria na Saratani, kutoka Umatengo hadi Ziwa Nyasa

Mtoto akivimba shavu, wengi wetu husingizia jino, na mara nyingi ni jino kweli. Lakini uvimbe unaokua ukiutazama, meno yakalegea na jicho likaanza kusukumwa nje, huo hausubiriwi. Huenda ni limfoma ya Burkitt, saratani ya seli nyeupe za damu ambayo mara nyingi hujitokeza tayani na huwapata hasa watoto wa miaka 5 hadi 7.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji, aliwaona watoto wa namna hiyo Hospitali ya Mulago, Kampala, akaandika habari zao mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kilomita zipatazo 16,000 hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ramani yake ilionyesha ugonjwa ukifuata nyanda za chini zenye joto na mvua, ukipungua milimani. Kwetu mkoani Ruvuma pande zote mbili zipo: Umatengo hupanda zaidi ya mita 1,500, na Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, iko karibu mita 500, kwenye mbu wa malaria, ugonjwa unaochangia saratani hii. Wa milimani nao wasijisahau, maana malaria haijaisha huko pia.

Ndani ya mwili kunatokea nini?

Jeni ni maagizo yaliyomo ndani ya seli. Jeni iitwayo MYC, iliyo kwenye kromosomu namba 8, huamuru seli zigawanyike, kisha hutulia. Virusi vya Epstein-Barr, ambavyo watoto wetu karibu wote huvipata kwa mate wakiwa wadogo, hujificha katika seli nyeupe za damu. Malaria ya mara kwa mara huzichochea seli hizo zigawanyike ovyo. Katika pilikapilika hiyo kipande cha kromosomu 8 hukatika na kuungwa pasipo pake, mara nyingi kwenye kromosomu 14. Huko MYC hupata jirani asiyelala, ikaamuru usiku na mchana. Seli za saratani hii zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu.

Kwa watu wazima saratani za kinywa huja kwa njia nyingine. Katika nyingi kati ya hizo, na za koo, jeni kama CCND1 ya kromosomu 11 hurudufiwa, nakala zikazidi mbili za kawaida. Tumbaku na pombe ndivyo vichochezi vikubwa. Kidonda cha mdomoni au sauti ya kukwaruza ikipita wiki tatu, nenda ukapimwe.

Mtoto mwenye limfoma ya Burkitt hakurogwa, wala mama asilaumiwe: hitilafu ya MYC hutokea baada ya kuzaliwa, na saratani yenyewe haiambukizi. Tiba yake ni dawa za saratani kama saiklofosfamidi, si kisu, na watoto wengi hupona wakiwahi. Uvimbe usichanjwe wala kukandwa. Anzia zahanati, uombe rufaa ya hospitali ya Mbinga, Litembo, Peramiho au Songea, ambako mtoto anaweza kupelekwa Muhimbili. Usingoje kahawa iuzwe kwanza. Mpeleke wiki hii.