Maumivu na Mizani Baada ya Kupunguzwa Tumbo

Wanakikundi, mwenzetu akitoka hospitali baada ya kupunguzwa tumbo ili apungue unene, asikimbilie Brufen, diklofenaki wala aspirini bila ruhusa ya daktari. Hizo huleta vidonda pale tumbo liliposhonwa, pengine hata damu. Panadol ni afadhali: tembe mbili za miligramu 500, zisizidi nane kwa siku. Dawa za mafua nyingi zina dawa hiyo hiyo ndani, basi ahesabu. Homa, choo cheusi au maumivu makali, hospitali mara moja!

Baada ya wiki chache mizani hugoma. Operesheni haijaharibika, mwili unashika maji na kuzoea chakula kidogo. Tusimcheke, wala asijinyime. Daktari akisharuhusu chakula kigumu, aanze na mayai, maharagwe au omena, ugali baadaye. Chai bila sukari. Na atembee mpaka Jogoo Road, arudi kwa miguu.