Mchujaji na Kichujio: Sarufi ya Kazi katika Kesi za Nairobi

Katika somo la uundaji wa maneno tunajifunza kwamba kitenzi kimoja cha Kiswahili huzaa majina ya namna mbalimbali. Kutokana na kuchuja tunapata mchujaji, aliye katika ngeli ya A-WA, na kichujio, kilicho katika ngeli ya KI-VI. Wa kwanza ni mtu. Cha pili ni chombo. Makala haya yanaonyesha kwamba tofauti hiyo ndogo ya kiambishi inagusa riziki na afya ya vijana wengi wa Afrika Mashariki, na kwamba sisi tunaosoma lugha za Kiafrika tuna sababu ya kuijali.

1. Kazi yenyewe

Mwaka 2008 Leila Janah alianzisha Samasource, ambayo baadaye iliitwa Sama. Nia iliyotangazwa ilikuwa kupunguza umaskini kwa kuwapa watu kazi za kompyuta. Kuanzia 2019 ofisi ya Nairobi ilichuja maudhui ya Facebook, mtandao wa kampuni ambayo leo inaitwa Meta. Waliofanya kazi hiyo walitoka Kenya, Ethiopia, Somalia, Afrika Kusini na nchi nyingine. Walitazama picha, video na maandishi, kisha waliamua kwa muda mfupi: yabaki au yaondolewe. Humo mlikuwamo mauaji, ubakaji na mateso ya watoto.

Tuangalie sifa iliyowapatia kazi. Haikuwa ufundi wa kuunda programu. Ilikuwa lugha: Kiamhari, Kitigrinya, Kioromo, Kisomali, Kizulu na nyinginezo. Yaani, kile tunachokisoma hapa fakulteni ndicho kilichonunuliwa.

Bei yake tunaijua kwa sehemu. Februari 2022 gazeti la Time la Marekani liliandika kwamba baadhi ya wachujaji hao walipokea takriban dola 1.50 kwa saa. Januari 2023 gazeti hilohilo lilieleza kazi nyingine ya Sama, safari hii kwa ajili ya OpenAI: wafanyakazi wa Kenya walisoma maandishi ya ukatili na kuyawekea alama ili programu ya akili mnemba ijifunze kuyatambua. Walilipwa kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa, wakati mkataba ulitaja dola 12.50 kwa saa kwa kampuni. Sama ilijitetea kwamba mishahara yake ilikuwa mizuri kwa hali ya Kenya na kwamba washauri wa nafsi walikuwapo. Mkuu wake baadaye alisema hadharani kwamba anajutia kuichukua kazi ya Facebook.

2. Kwa nini kichujio hakitoshi

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini mashine isifanye yote? Jibu liko katika semantiki. Chukua neno madoadoa. Katika kamusi ni wingi na uradidi wa doa, alama ndogo juu ya kitu; chui ana madoadoa. Lakini katika siasa za Bonde la Ufa nchini Kenya neno hilo lilitumika kuwaita watu wa makabila "mageni", wale wa kuondolewa. Kabla ya uchaguzi wa 2022, tume ya Kenya ya utangamano wa kitaifa ililiweka katika orodha ya maneno ya chuki. Umbo halikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni nani anasema, kwa nani, na lini.

Hapa Kisangani ugumu unaongezeka. Kiswahili chetu kinaishi nyumba moja na Lingala, na Kifaransa kinapita katikati. Nico Nassenstein alikitolea kitabu mwaka 2015, akionyesha jinsi msemaji anavyochagua kati ya maumbo kulingana na mahali na mtu. Tunasema "bale batu ya kule" pale ambapo kitabu cha shule kinataka "wale watu wa kule". Kwa mtu wa Dar es Salaam hilo ni kosa la upatanisho tu. Kwa mtu wa Lubunga, tangu mgogoro wa Wambole na Walengola ulipoanza 2023, "kule" inaweza kuwa na jina la kijiji na "bale batu" jina la kabila. Hakuna orodha ya maneno itakayonasa jambo hilo. Linahitaji msikilizaji aliyekulia ndani ya mazungumzo.

Gharama ya kukosa msikilizaji huyo imefika mahakamani. Novemba 2021 Profesa Meareg Amare, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Bahir Dar nchini Ethiopia, aliuawa baada ya maandishi ya kumshambulia kuenea Facebook. Desemba 2022 mwanawe alifungua kesi Nairobi, akidai kwamba aliomba maandishi hayo yaondolewe na hayakuondolewa kwa wakati. Kwa hiyo mchujaji si mtu wa ziada. Ni mtu ambaye ujuzi wake wa lugha unaweza kuokoa maisha, na kampuni inayomhitaji kiasi hicho haiwezi kumwita chombo.

3. Nani anamfanyia nani kazi?

Turudi kwenye sarufi, safari hii kwenye vitenzi vya mnyambuliko. Kufanya kazi kunamtaja mtenda peke yake. Kumfanyia mtu kazi, katika kauli ya kutendea, kunamtaja anayefaidika. Kufanyishwa kazi, kauli ya kutendesha pamoja na kutendwa, kunatudai tumtaje aliye nyuma ya amri. Msemaji wa Kiswahili hawezi kutumia kauli hizo mbili za mwisho bila swali kuzuka: nani?

Swali hilohilo ndilo majaji wa Nairobi waliloulizwa. Mei 2022 Daniel Motaung, Mwafrika Kusini aliyeachishwa kazi Sama baada ya kujaribu kuwaunganisha wenzake, aliishtaki Sama pamoja na Meta. Meta ilijibu kwamba haina ofisi Kenya wala si mwajiri wake. Februari 2023 mahakama ya kazi ilikataa kuiondoa katika kesi. Wakati huo Sama ilikuwa imetangaza kwamba inaacha kuchuja maudhui, na wachujaji wapatao 260 walikuwa wakipoteza kazi. Zaidi ya 180 kati yao walifungua kesi yao. Juni 2023, katika uamuzi wa muda, jaji aliona kwamba Meta ndiye mwajiri mkuu na Sama ni wakala, akaamuru wafanyakazi wapatiwe matibabu ya akili. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba Meta inaweza kushtakiwa Kenya. Hilo halikusema nani ana hatia. Lilifungua mlango ili kesi isikilizwe. Desemba mwaka huo ikajulikana kwamba uchunguzi wa kitabibu uliowasilishwa mahakamani uliwakuta zaidi ya wachujaji 140 na maradhi ya akili yatokanayo na mshtuko.

Kwa maneno ya darasani: kampuni ilikiri kufanya na ikakana kufanyia. Wafanyakazi waliirudisha shamirisho mahali pake. Mei mosi 2023, zaidi ya 150 kati yao, wa kampuni mbalimbali, walikutana Nairobi na kupiga kura ya kuunda chama cha wachujaji maudhui wa Afrika.

4. Sisi na kazi hii

Wahitimu wa lugha mjini kwetu wanangoja nafasi za ualimu ambazo ni chache, na mshahara wake unachelewa. Kazi ya kuchuja maandishi, kuyatafsiri au kuyawekea alama inaweza kufanywa popote penye intaneti. Itakapotufikia, wengi wetu tutaitaka, na si aibu kuitaka. Lakini tuisome mikataba kama tunavyosoma sentensi. Mtenda ni nani, na anayetendewa ni nani? Je, mkataba unakukataza kumweleza daktari au ndugu yako ulichokiona, kama wachujaji wa Nairobi walivyofungwa midomo kwa viapo vya siri? Ujuzi wako wa Kiswahili, Lingala au Kilokele umepewa bei, au umehesabiwa kuwa kitu ulichozaliwa nacho?

Maswali ya kujadili darasani

a) Taja maneno matatu ya Kiswahili cha Kisangani ambayo maana yake hugeuka kuwa tusi kulingana na msemaji. Kamusi inasema nini juu yake?

b) Linganisha kutumikia, kutumikisha na kutumikishwa. Ni kipi kati ya hivyo kinaeleza kazi ya mchujaji, na kwa ushahidi gani?

c) Kitenzi kuchuja kina mtu na chombo. Tafuta vitenzi vingine vya kazi ambamo chombo kimechukua jina la mtu, kisha ueleze nani amefaidika na badiliko hilo.