Dawa ya mafua yenye pombe ndani

Hapa Marekani dawa ya mafua ya usiku inauzwa dukani bila cheti cha daktari. NyQuil ya kawaida ya maji ina pombe asilimia 10, karibu mara mbili ya bia. Mafua yanaisha, lakini mtu anaendelea kuinywa kila usiku, eti apate usingizi. Mazoea huingia hivyo, hata kwa asiyegusa pombe. Tena imo parasetamo, inayoharibu ini ikizidi.

Soma lebo: ukiona “alcohol”, muulize mfamasia isiyo na pombe. Ipo.

Kama hulali bila hiyo, mwambie daktari, si aibu. Mtoto akiinywa, piga 1-800-222-1222 mara moja. Ni bure, usiku na mchana. Omba mkalimani wa Kiswahili.