Pete ya ndege na mtu anayeiokota

Kuvisha ndege pete ni kazi gani, na faida yake ni nini?

Ni kazi ya dakika chache, lakini inataka mkono uliofunzwa. Ndege aliyenaswa kwenye wavu mwembamba hutiwa katika mfuko wa kitambaa ili atulie gizani. Mvishaji akimtoa humshika mgongo ukiwa kiganjani, shingo ikipita kati ya kidole cha shahada na cha kati, bila kumbana kifua. Kwa koleo maalumu humfunga mguuni kipete cha aluminiamu chenye namba, humpima bawa kwa rula, kisha humpuliza kifuani manyoya yatengane. Ngozi yake ni nyembamba hata mafuta huonekana chini yake, ya njano. Mwenye mafuta mengi ana akiba ya safari. Asiye nayo ameshaitumia njiani. Anapimwa uzito, anaachiwa, na yote yanaandikwa daftarini. Hapo ndipo wengi hudhani kazi imekwisha, kumbe imefika nusu. Namba iliyoko mguuni haisemi kitu mpaka mtu mwingine, mahali pengine, aisome na kutoa taarifa. Mwalimu wa shule wa Viborg, Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza utaratibu huu mwaka 1899. Mfano unaoeleza vizuri zaidi, hata hivyo, ni wa mbayuwayu aliyevishwa pete Uingereza mwaka 1911 na mwanasheria John Masefield, akakamatwa Desemba 1912 katika shamba la Natal, Afrika Kusini. Pete ilikuwa na anwani ya London, na mtu wa huko Natal akaandika barua. Bila barua hiyo, hesabu yote ya Masefield ingebaki karatasi tu.

Kituo cha kazi hii kiko wapi, na kinamhusu nini mtu wa Mbinga au Mbamba Bay, kusini mwa Tanzania?

Kinachojulikana zaidi Afrika Mashariki kiko Ngulia, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, ambako kazi hii imefanyika tangu 1969, na Graeme Backhurst na David Pearson ni miongoni mwa walioiendeleza kwa miaka mingi. Novemba na Desemba, usiku usio na mwezi, ukungu ukishuka juu ya vilima, ndege wahamaji kutoka Ulaya na Asia hupoteza dira na kuvutwa na taa za hoteli zilizowekwa ili wageni waone wanyama. Mvuvi wa usipa wa Liuli, kwenye Ziwa Nyasa, hahitaji maelezo marefu hapo: giza, taa, na viumbe kuja wenyewe, ndiyo hesabu yake ya kila mwezi. Ndege hao hawaishii Tsavo. Wengi huendelea kusini, hadi Malawi, Msumbiji, Zimbabwe na kwingineko, na mtu akitazama ramani ataona kwamba milima ya Umatengo na mwambao wa Ziwa Nyasa viko upande huohuo wa safari. Vichaka vya kando ya Ruhuhu na mashamba ya kahawa ya Mbinga ni mahali ambapo ndege mwenye pete anaweza kutua, na vilevile kufa. Akifia hapo na asiwepo anayejua pete ni nini, kinachopotea ni ile nusu ya pili ya kazi. Hata Uingereza, yenye watazamaji wengi wa ndege, ndege wadogo wenye pete wanaopatikana tena ni mmoja kati ya mamia. Kwa hiyo nasema elimu kwa umma si pambo la kituo. Ni kifaa cha kazi, sawa na wavu na koleo.

Je, si kumtesa ndege bure, tena katika nchi ambayo watoto huwinda kwa manati na ulimbo?

Wavu ukiachwa bila kuangaliwa unaua, na pete isiyo ya kipimo chake inaumiza; ndiyo maana kazi hii hairuhusiwi kwa kila mtu. Mbayuwayu mzima ana gramu 20 hivi, na pete yake ni nyepesi mno isimlemee. Kuhusu manati, sioni sababu ya kuanza na makaripio. Mtoto anayelenga ndege anajua wanalala wapi na wanakula nini kuliko mgeni mwenye darubini. Ukimgombeza atakuficha pete aliyoipata. Ukimwonyesha namba na kumwambia ilikotoka, umempata mwenzako wa kazi.

Wengine husema hizi ni taarifa zetu zinazochukuliwa na wageni, au hata ni vifaa vya upelelezi. Je, hofu hiyo haina msingi?

Ya pili inachekesha mpaka utakapoona madhara yake. Mwaka 2011 tumbusi mwenye kifaa cha ufuatiliaji cha chuo kikuu cha Tel Aviv alikamatwa Saudi Arabia kwa shutuma za ujasusi. Mwaka 2013 huko Qena, Misri, korongo mwenye kifaa alipelekwa polisi na mvuvi aliyemtilia shaka. Simlaumu mvuvi yule: aliona kitu asichokijua, akafanya alichodhani ni wajibu. Aliyekosea ni aliyerusha ndege juu ya vijiji bila kuwaambia wenye vijiji. Hofu ya kwanza ni nzito zaidi, na jibu langu ni kwamba aliyeripoti pete anastahili majibu: ndege alivishwa wapi, lini, ameruka umbali gani. Mradi unaopokea namba na kunyamaza umestahili kunyimwa ya pili.

Wa kujitolea aanze na nini?

Asianze na wavu. Kukamata ndege kunahitaji kibali na mafunzo. Aanze na macho. Nairobi, Fleur Ng'weno alianzisha mwaka 1971 matembezi ya kila Jumatano asubuhi ya kutazama ndege, na yameendelea kwa miongo mingi, kwa sababu hayadai zaidi ya muda na mtu wa kukuelekeza. Mwalimu mmoja wa Lituhi mwenye daftari anaweza kuandika kila mwaka tarehe mbayuwayu wa kwanza anapoonekana na tarehe wanapotoweka. Januari, ndege wa majini wanapohesabiwa Afrika, fukwe za Nyasa zina mnandi wa kutosha kumfunza mtoto kuhesabu.

Nawe ukikuta ndege mwenye pete, kama ni mzima soma namba na anwani, mpige picha, umwachie na pete yake. Kama amekufa usimshike kwa mkono mtupu. Andika tarehe, mahali na namna alivyopatikana, kisha upeleke taarifa ofisi ya maliasili ya halmashauri yako, Mbinga au Nyasa, ukidai ifike kwenye anwani iliyoandikwa peteni. Na udai majibu.